Riva na petroli iliyokuwa moto

Jioni moja ya mwaka 2024, gari langu likiwa limekauka hapa Kinanira, nilirudia kuitazama Viva Riva!

Mwongozaji wake, Djo Tunda wa Munga, ni mzaliwa wa Kinshasa. Alisomea filamu Brussels, akarejea kwao, na mwaka 2010 akatoa kisa hiki cha ujambazi. Mwaka 2011 kilizoa tuzo 6 za filamu za Afrika, AMAA.

Riva anarudi kutoka Angola na petroli ya wizi, wenye mali wakimfuata nyuma. Kinshasa imekaukiwa. Naye anaanza kwa kutapanya noti baa! Wewe uliyewahi kuvusha madumu kutoka Uvira utashika kichwa, ndugu: uza kwanza, ulewe baadaye.