Istilahi za Riwaya za Kihistoria kwa Vijana: Wenyeji Asilia na Ukoloni

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi chache zinazomkabili mfasiri anapoleta katika Kiswahili riwaya za kihistoria zilizoandikiwa vijana, hasa zile zinazosimulia habari za wenyeji asilia waliovamiwa na wakoloni. Riwaya za namna hii ni nyingi huko Marekani. Mwalimu wa sekondari aweza kuziona zina manufaa kwa wanafunzi wake, kwa kuwa yaliyowapata watu wa huko yanafanana kwa mengi na yaliyowapata babu zetu. Lakini manufaa hayo hutegemea maneno. Mfasiri asipoangalia, kijana atajikuta anaitazama nchi iliyonyang'anywa kwa macho ya yule aliyeinyang'anya.

Tuchukue mfano wa riwaya iitwayo Sing Down the Moon ya Scott O'Dell, iliyochapishwa mwaka 1970. Msimulizi wake ni msichana wa Kinavajo, na habari yenyewe imejengwa juu ya mambo yaliyotukia kweli. Katika miaka ya 1863 na 1864 majeshi ya Marekani yalichoma mashamba ya Wanavajo, yakaua mifugo yao na kukata miti yao ya pichi katika bonde la Canyon de Chelly. Watu waliposhindwa kwa njaa, zaidi ya 8,000 kati yao walipelekwa kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, hadi Bosque Redondo, mashariki ya New Mexico. Wengi walifia njiani na kambini. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi kwao mpaka ulipotiwa saini mkataba wa mwaka 1868.

Swali la kwanza ni jina la watu wenyewe. Kwa muda mrefu Kiswahili kimetumia "Wahindi Wekundu". Jina hili limetokana na kosa la Columbus, ambaye mwaka 1492 alidhani amefika nchi za Bara Hindi. Katika Kiswahili kosa hilo huzidi uzito, maana kwetu Mhindi ni mtu anayejulikana, na kijana wa mjini akisikia neno hilo atamfikiri jirani yake au mwenye duka mtaani. Tena, kumtambulisha mtu kwa rangi ya ngozi si kumpa jina. Twapendekeza kila taifa liitwe kwa jina lake: Wanavajo, Waojibwe, Wacherokee. Inafaa pia mfasiri akumbuke kuwa Wanavajo hujiita wenyewe Diné, yaani watu. Msimulizi akiwa mmoja wao, jina hilo halina budi kupewa nafasi yake.

Linapohitajika jina la jumla, tuna maneno mawili yanayoshindana: "wazawa" na "wenyeji". Mzawa ni aliyezaliwa mahali fulani, na kwa maana hiyo hata mtoto wa mlowezi ni mzawa. Mwenyeji naye ni mwenye mji, lakini siku hizi hata aliyehamia juzi huitwa mwenyeji akishapazoea mahali. Kwa hiyo twaona "wenyeji asilia" latosha, kwani neno la pili lafunga mlango ulioachwa wazi na la kwanza.

Kwa upande wa pili, si kila mgeni aliyekuja ni mkoloni wa aina moja. Mlowezi, kutokana na kitenzi kulowea, ni yule aliyekuja kukaa moja kwa moja. Huko Kenya aliitwa pia setla. Askari, mmisionari na mfanyabiashara kila mmoja alikuwa na kazi yake. Riwaya nzuri huwatenganisha, na tafsiri isiwachanganye katika neno "Wazungu" pale ambapo mwandishi hakuwachanganya.

Sasa tuutazame ule mwendo wa mwaka 1864. Kwa Kiingereza tukio hilo lina jina maalumu, na mfasiri mwenye haraka ataliita "Matembezi Marefu". Hapo ndipo penye hatari. Matembezi katika Kiswahili ni jambo la starehe: mtu hutoka jioni kwenda matembezini, wala hapelekwi kwa mtutu wa bunduki. "Safari" nayo yadokeza kwamba msafiri alikusudia kwenda. Twapendekeza "Mwendo Mrefu" kuwa jina la tukio, na nguvu iliyotumika ionyeshwe kwa vitenzi vya kutendwa: walikusanywa, walihamishwa, waliswagwa. Kitenzi kuswaga, ambacho kwa kawaida hutumika kwa ng'ombe, chafaa hapa kwa sababu ndivyo watu wale walivyotendewa.

Tatizo kubwa zaidi ni nchi ambamo serikali iliwaweka wenyeji asilia. Wapo watakaoiita "hifadhi". Lakini hifadhi kwetu ni mahali pa kulindia wanyama na misitu, na hata "pori tengefu" ni istilahi ya idara ya wanyama. Tukiandika kwamba Wanavajo walirudishwa "hifadhini", tumewatia katika kundi la swala na tembo, tena tumesema kwamba walikuwa wakilindwa. "Eneo la kutengewa" ni refu kidogo, lakini lasema kweli: yupo aliyetenga, na yupo aliyetengewa.

Neno "uasi" nalo litazamwe vema. Uasi huwapo palipo na serikali halali inayoasiwa. Wajerumani waliyaita mapambano ya kusini ya mwaka 1905 hadi 1907 uasi; sisi twayaita Vita vya Maji Maji, na Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, Kiswahili kilidhihirisha kwamba kinaweza kuyasimulia kutoka upande wa waliopigana. Heshima hiyo hiyo wanastahili Wanavajo.

Hata hivyo, tusiwe na chuki ya kupita kiasi katika maneno. Vitabu vyetu vya historia husema "mikataba ya ulaghai" kwa ile aliyoikusanya Karl Peters mwaka 1884 katika Usagara na nchi za jirani. Mkataba wa Wanavajo wa mwaka 1868 uliwanyima sehemu ya nchi yao, lakini pia uliwarudisha nyumbani. Uitwe mkataba tu, na msomaji aachwe aupime mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa vyeo na vitu. Kiongozi wa Wanavajo asiitwe mtemi wala jumbe, kwa kuwa mtemi ana ikulu yake Unyamwezini, na jumbe alikuja kuwa mtumishi wa serikali ya Kijerumani, "kiongozi" latosha. Nyumba yao ya magogo na udongo, ambayo mlango wake huelekea mashariki, isiitwe kibanda. Iitwe hogani, na wingi wake mahogani uepukwe usije ukadhaniwa mti. Tuseme "nyumba za hogani". Louise Erdrich, mwandishi mwenye asili ya Kiojibwe, katika The Birchbark House ya mwaka 1999 aliyaacha maneno mengi ya Kiojibwe yalivyo, akayafafanua mwishoni mwa kitabu. Njia hiyo yafaa kuigwa.

Limebaki neno "mshenzi". Wapo wanaotaka lifutwe kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Askari katika riwaya akiwatukana wenyeji asilia, tusi libaki kinywani mwake, ili kijana ajue lilitoka kwa nani na lilihalalisha nini. Lisilofaa ni tusi hilo kuhamia kwa msimulizi.

Istilahi hizi ni mapendekezo, wala si sheria. Twawaomba wafasiri na walimu wazijaribu katika kazi zao, kisha watuletee maoni, hasa juu ya "eneo la kutengewa", ambalo tungependa kulipatia neno moja fupi zaidi.