Pango la Mangapwani na Habari za Magendo

Mangapwani iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, mwendo wa kilometa 20 hivi kaskazini ya mji. Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa Omani, nalo limesalia katika maneno kama pilipili manga. Wageni wafikao huko huonyeshwa mahali pawili, na wengi hupachanganya.

Pa kwanza ni pango. Mwamba wa pwani hii ni matumbawe ya zamani, na maji ya mvua huuyeyusha polepole hata ukafanya uwazi. Ndani mna dimbwi la maji matamu. Wenyeji husimulia kwamba lilivumbuliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea.

Pa pili ni chumba kilichochongwa na watu chini ya ardhi, kikaezekwa, kikatiwa ngazi. Humo ndimo watumwa walimofichwa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alifanya mapatano na Waingereza. Soko la watumwa likafungwa, na kuwasafirisha baharini kukakatazwa. Mahali pa soko hilo, Mkunazini, pakajengwa kanisa. Lakini sheria ya Unguja iliendelea kuutambua utumwa hata 1897. Basi kwa miaka 24 mtu aliweza kummiliki mwenzake kwa halali, asiweze kumpakia chomboni ila kwa siri. Magendo yalipata nguvu katika nafasi hiyo. Manowari zililinda bahari, wala si bila hatari: mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi.

Habari kama hizi zasimuliwa pia Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kijiji kilichopata jina kwa mapango yake. Huko husemwa kwamba watumwa walifungwa mapangoni. Tena husemwa kwamba wenyeji walikimbilia humo wakati wa vita.

Kwa hiyo twawasihi walimu wawafundishe wanafunzi kupambanua. Pango ni kazi ya mvua. Chumba ni kazi ya watu waliojua kwamba walitendalo limekatazwa. Tukiyachanganya hayo mawili, habari yote hugeuka kuwa hadithi ya mashimo na mizimu, na wale waliolia gizani husahauliwa mara ya pili. Kufungwa kwa soko kulionekana na kila mtu. Yaliyofuata yalifichwa, nayo ndiyo yatupasayo kuyaeleza.