Je, Wajua? Hyper na Hypo, Mapacha wa Kigiriki Wanaochanganya Masikio

Mgonjwa wa kisukari ameletwa hospitali hajitambui. Muuguzi anapima sukari, kisha anamtajia daktari hali yake kwa Kiingereza: ama hyperglycaemia, ama hypoglycaemia. Ya kwanza ni sukari kupanda, na hutibiwa kwa dripu na insulini. Ya pili ni sukari kushuka, chini ya milimoli 4 kwa lita, na anahitaji glukosi hapohapo. Akichomwa insulini anaweza kufa. Tofauti yote hiyo imebebwa na silabi moja ndani ya neno refu.

Viambishi hivi ni vya Kigiriki: hyper ni kuzidi, hypo ni kuwa chini. Kiingereza huitamka y yake "ai", na kwa kuwa Waingereza wengi hawatamki r ya mwisho, tunabaki na haipa na haipo. Mkazo nao huangukia "hai", sehemu ambayo yote mawili yanayo, huku irabu inayoyatenganisha ikififia. Mtu akiharakisha, hypothermia, yaani joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35, husikika karibu sawa na hyperthermia. Mmarekani ana nafuu kidogo, r yake husikika.

Wagiriki wa leo hawana taabu hii. Ile h walishaiacha zamani. Presha ya kupanda wanaiita ipértasi, ya kushuka ipótasi, na mkazo unatua palepale penye tofauti.

Mwanafunzi wa udaktari anayezungumza Kiswahili ana bahati yake: hypo huingia sikioni kama "haipo". Si kwamba sukari imekwisha kabisa, ila mwelekeo ndio huo, na hatausahau.

Kukumbuka maana, hata hivyo, hakumsaidii anayesikiliza kwenye simu yenye kelele. Potasiamu ya kawaida katika damu ni kama milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Aliyezidiwa nayo akiongezewa nyingine kwa sababu hyperkalaemia ilisikika hypokalaemia, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote madaktari wanaosema "potasiamu iko juu" na kutaja namba yenyewe. Wagonjwa wetu wanafanya hivyo siku zote: presha ya kupanda, presha ya kushuka, na hakuna anayeuliza mara mbili.