Koti la Mvua kwa Msafiri wa Baiskeli

Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo wapo wanaotoka Mtendeni na kata za jirani kwa baiskeli kwenda Urambo, yapata kilomita 90, na wapo wanaoendelea hadi Kaliua na ng'ambo ya mto Malagarasi, upande uleule ambao misafara ya zamani iliuelekea ikienda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walipendelea kusafiri wakati wa kiangazi na kurudi nyumbani kulima mvua zinapokaribia. Msafiri wa leo, mwenye asali au nguo za mnadani kwenye karia, hana uhuru huo kila mara, hivyo hununua koti. Mara nyingi hununua lisilofaa, na hulitambua hilo akiwa tayari porini.

Tuanze na lebo. Makoti mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na maneno hayo hayana uzito sawa. "Waterproof" ni dai kwamba maji hayapiti. "Water resistant" na "water repellent" ni madai madogo zaidi: koti litahimili manyunyu kwa muda, basi. Mvua ya Januari ya saa nzima si manyunyu. Baadhi ya lebo huongeza tarakimu, kama 5,000, 10,000 au 20,000, zikifuatiwa na "mm". Huo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kilihimili katika maabara kabla ya kuvuja. 10,000 ni safu ya meta 10. Tarakimu kubwa ni jambo jema, lakini hupima kitambaa peke yake. Koti huvuja kwenye mishono, mahali sindano ilipotoboa. Ligeuze nje ndani: usipoona utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, hasa mabegani, usilipe bei ya koti lisilopitisha maji.

Maji mengine hutoka mwilini mwa mvaaji. Tangu mwaka 1823, Charles Macintosh alipopata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati, wavaaji wa makoti ya mvua wamelalamikia jasho. Anayekanyaga pedali kwa saa nne akiwa amevaa koti la nailoni au la plastiki lililofungwa kila upande atalowa hata mvua isiponyesha. Ndiyo maana huuzwa makoti ya bei kubwa yenye utando unaozuia maji na kuruhusu mvuke kutoka, Gore-Tex ikiwa jina linalojulikana zaidi. Utando huo hufanya kazi vizuri pale ambapo hewa ya nje ni baridi na kavu kuliko ile iliyo ndani ya koti. Hewa ya masika yetu ina joto na unyevu, na faida yake hupungua sana. Kwa sababu hiyo tunashauri mlaji mwenye fedha kidogo asitumie akiba yake kwa utando. Atafute matundu ya hewa: zipu za makwapani, na upenyo wa mgongoni uliofunikwa na kitambaa. Ukweli ni kwamba safari ndefu italowesha kwa kiasi fulani. Kazi kubwa ya koti ni kuzuia upepo na baridi inayofuata baada ya dhoruba, na koti la bei ya wastani linaiweza.

Poncho hupitisha hewa kuliko koti lolote, nalo ni la bei nafuu. Kwa mwendo mfupi wa mjini halina ubaya. Katika barabara kuu hatulipendekezi: upepo wa lori linalopita huliinua usoni, na pindo lake laweza kunaswa na gurudumu au mnyororo.

Usilijaribu koti ukiwa umesimama wima mbele ya kioo. Omba kulijaribu ukiwa juu ya baiskeli, umeshika usukani. Hapo utaona mikono ya koti ikipanda hadi juu ya viwiko vya mikono na mgongo ukibaki wazi kiunoni. Koti la baiskeli hukatwa refu nyuma kwa sababu hiyo. Geuza kichwa kutazama nyuma. Ikiwa kofia ya koti haigeuki pamoja na kichwa, inakuficha basi linalokuja, na ni heri koti lisilo na kofia kabisa. Rangi nayo si pambo. Koti jeusi au la kijani kibichi hupotea katika mvua ya jioni. Chagua njano au chungwa, lenye utepe unaoakisi mwanga mgongoni, na usiufunike utepe huo kwa mzigo.

Mitumbani hupatikana makoti bora kuliko mengi mapya, lakini pia yaliyokwisha kufa. Joto na unyevu huharibu tabaka la ndani hata koti likiwa halivaliwi. Likinata kidoleni, au likibanduka kama maganda ya kitunguu, liache. Hakuna fundi atakayelirudisha. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu: pumzi ikipita kirahisi, maji nayo yatapita. Ikiwa kasoro pekee ni kwamba maji hayatiririki tena juu ya kitambaa bali hukilowesha nje, hilo si uvujaji, na hurekebishika kwa dawa ya kupuliza.

Muuzaji akikuhakikishia kuwa koti halipitishi maji, mwombe aandike hivyo kwenye stakabadhi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" hayamwondolei muuzaji wajibu wa kauli yake ya uongo. Koti likivuja, lirudishe mapema likiwa na lebo yake, na upige picha mahali linapovuja. Akikataa kulipokea, tuletee stakabadhi, picha na koti lenyewe.