Mwandiko wa kuchongwa na fonti

Mwandiko ni umbo la herufi linalotokana na mkono wa mwandikaji. Fonti ni seti ya herufi iliyoandaliwa kwa ajili ya kompyuta. Baina yake upo mwandiko wa kuchongwa, yaani herufi zilizokatwa kwa tindo juu ya jiwe au chuma. Kitenzi kinachofaa hapa ni kuchonga. Kutia nakshi huelekea zaidi kwenye mapambo, na kuchora siku hizi hufikirisha penseli, ingawa zamani kilimaanisha pia kukata alama kwenye kitu kigumu.

Miandiko ya aina hii sasa inafufuliwa kama fonti za vibao, vyeti na majalada ya vitabu. Chukua herufi za mawe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo yapo pia Iringa. Zilibuniwa na Mwingereza MacDonald Gill, nazo ni herufi kubwa tupu. Anayetaka kuzitia katika kompyuta huweka karatasi juu ya jiwe, huisugua kwa penseli, kisha huchora upya ukingo wa kila herufi. Herufi ndogo hana pa kuzinakili, lazima azibuni. Kwa hiyo neno kufufua limezidisha kidogo: karibu nusu ya fonti ni kazi mpya.

Ugumu mkubwa zaidi ni ujirani wa herufi. Viambata kama wa, ya na kwa hurudi karibu katika kila sentensi ya Kiswahili, na kingo za W, Y na A zimelala upande. Kila herufi ikiachiwa upana wake kamili, jina la mtawala wa Wahehe husomeka MK W A W A. Mbeya tatizo ni lilelile, kwa kuwa majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa huanza na Mwa-. Mchongaji alisogeza herufi kwa jicho; fonti haina jicho, hivyo mbunifu huamua mapema umbali wa kila jozi. Aliyezipima jozi kwa maneno ya Kiingereza pekee hawezi kuzimaliza zote.

Kisha kuna ritifaa ya ng'. Hii si alama ya kunukuu bali ni sehemu ya tahajia: kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika, ngoa ni wivu au tamaa. Katika fonti nyingi ritifaa huelea mbali na G, na aliye na haraka huifuta kabisa. Kata ya Ng'ang'ange, wilayani Kilolo, hupoteza hivyo sauti mbili za jina lake.

Mwalimu au mfasiri anayechagua fonti ya aina hii na aandike MKWAWA na NG'ANG'ANGE kwa ukubwa wa kibao, abandike ukutani, asome akiwa mlangoni.