Mgongo wa Mtoto Haungoji Kliniki

Mwanamke akikosa hedhi, mara nyingi husubiri kwanza. Mwezi wa pili unapita, huenda ni uchovu tu. Wa tatu anamwambia mume. Wa nne ndipo anafika kliniki, anapimwa damu na kupewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Avimeze, kwani upungufu wa damu ni hatari kwake na kwa mtoto. Ila wakati wa kazi moja ya foliki, kuukinga mgongo wa mtoto, umeshapita.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa. Kingo zake hujikunja na kushikana, kama manda ya sambusa, zikafanya mrija. Kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, mrija umeshafungwa. Hapo hedhi imechelewa wiki mbili tu. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga juu, ubongo hauumbiki na mtoto haishi.

Mwaka 1991 Nicholas Wald na wenzake walitoa matokeo ya jaribio katika nchi saba, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Miligramu 4 za foliki kila siku, kuanzia kabla ya mimba, zilipunguza kurudi kwake kwa asilimia 72.

Kwa wengine, Shirika la Afya Duniani linashauri maikrogramu 400 kwa siku, tangu mtu anapotafuta mimba hadi wiki ya 12. Mchicha, kunde na maharage vina foliki, lakini foliki hiyo huyeyuka majini na kuharibika kwa moto. Sisi tunachemsha mboga mpaka ilegee, kisha supu yake tunaimwaga!

Tena mimba nyingi hazipangwi. Kwa hiyo naona dawa ya kweli imo kwenye unga. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi, foliki ikiwemo, kwenye unga wa ngano na mahindi mwaka 2011, Kenya ikafuata 2012. Viwanda vikubwa vinabanwa; mashine ya kusaga ya kijijini, anakopeleka mahindi yake binti wa miaka 19, kwa kawaida haina hata kifaa cha kuchanganyia.

Anayenunua vidonge asome boksi. Vipo vya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya kiasi cha kawaida. Hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, kwa mfano aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Kipimo hicho pia hudhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria inayotolewa kliniki, kwa sababu SP humuua kimelea kwa kumnyima foliki hiyohiyo.