Tangazo Linatuuzia Nini?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Nyandira, huko Mgeta. Ameamka alfajiri na kupakia magunia yake ya njegere na kabichi katika gari. Gari limeteremka mlima, limetokea Sangasanga, kisha limeshika barabara kuu mpaka Morogoro mjini. Sokoni njegere zimenunuliwa. Fedha amezifunga katika pindo la khanga.

Kabla ya kurudi nyumbani anaingia dukani. Anataka sabuni, chumvi na madaftari ya mtoto. Ukutani anaona picha ya msichana mweupe anayecheka. Amevaa vizuri na watu wanamtazama. Pembeni yake pana kopo la krimu. Maneno ya tangazo ni machache: ng'ara, pendeza, uonekane.

Mama anaitazama mikono yake. Ni mikono ya shamba, imepigwa na jua. Dakika tano zilizopita hakuwa na shida na mikono hiyo. Sasa anayo shida. Madaftari yanabaki dukani. Kopo linapanda mlima kwenda Nyandira.

Je, mama huyu ameuziwa nini? Hebu tufikiri pamoja.

JICHO HUONA, MOYO HUONGEZA

Watu wengi tunadhani kwamba tunanunua kitu kwa sababu tunakihitaji. Mara nyingi ni kweli. Tunanunua jembe ili tulime. Tunanunua chumvi ili tuunge mboga. Lakini mara nyingine tunanunua vile tunavyotaka kuonekana.

Fanyeni jaribio hili katika darasa lenu la kisomo. Nunueni mafuta ya nazi. Tieni nusu katika chupa kuukuu isiyo na karatasi. Nusu nyingine tieni katika chupa mpya yenye karatasi ya rangi nzuri. Waulizeni watu ambao hawakuwaona mkiyatia: mafuta yapi ni bora? Huenda wengi wakachagua chupa nzuri. Wengine watasema hata harufu yake ni nzuri zaidi. Lakini mafuta ni yale yale.

Wafanyabiashara wanaijua tabia hii ya binadamu. Kwa hiyo tangazo halisemi sana juu ya kilichomo ndani ya kopo. Linakuonyesha mtu. Linakwambia: mtu huyu anapendwa, wewe je? Kwanza linakutia upungufu. Kisha linakuuzia dawa ya upungufu huo. Na tangazo likirudiwa kila siku, mwishowe tunadhani kwamba wazo hilo ni letu wenyewe.

JAMBO HILI SI LA LEO

Mavazi na vipodozi vimekuwa alama ya heshima tangu zamani. Huko Unguja watumwa walivaa nguo duni, kama vile kaniki na merikani. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897. Wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo zile wakanunua khanga. Hawakununua kitambaa tu. Walinunua alama ya kusema: mimi ni mtu huru. Basi si vibaya mtu kutaka kuonekana vizuri. Kutunza mwili na kuvaa vizuri ni jambo jema.

Ubaya huja pale tunapofundishwa kujidharau. Wakati wa ukoloni watu waliona kwamba weupe ndio wenye madaraka, fedha na magari. Wengine wakaanza kuamini kwamba rangi yenyewe ndiyo inayoleta heshima. Krimu za kubadili rangi ya ngozi zikapata soko.

Hapa Tanzania vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana mwezi Oktoba mwaka 1968. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 walipiga marufuku nguo fupi, nywele za bandia na krimu za kujichubua. Watu walibishana sana. Wengine waliunga mkono. Wengine waliuliza kwa nini wanawake ndio wasumbuliwe. Tunajua kilichotokea baadaye: krimu zilirudi. Hapa pana funzo. Amri peke yake haiwezi kuondoa kitu kilichomo moyoni mwa mtu.

KUNA NINI NDANI YA KOPO?

Ngozi yetu ina rangi ya asili iitwayo melanini. Rangi hii ni mwavuli wa mwili. Hukinga ngozi isiunguzwe na jua. Krimu za kujichubua huuzuia mwili usitengeneze rangi hiyo. Mkulima anayejichubua ni kama mtu aliyetupa mwavuli wake, halafu akaenda kupalilia saa sita za mchana.

Baadhi ya krimu na sabuni hizo zina zebaki. Zebaki ni sumu. Hupita katika ngozi, huingia katika damu na kuharibu figo. Huweza pia kudhuru mishipa ya fahamu, na kumfanya mtu awe na wasiwasi au huzuni isiyo na sababu. Mama mjamzito huweza kumfikishia sumu hiyo mtoto aliye tumboni. Watoto huipata pia wanapoguswa na mikono au mashuka yenye krimu.

Nyingine zina haidrokwinoni. Mtu akiitumia kwa muda mrefu huweza kupata madoa meusi zaidi ya rangi aliyoikimbia. Nyingine zina dawa kali za hospitali ziitwazo steroidi. Hizi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na vidonda huchelewa kupona. Wauzaji wengine huchanganya dawa kadhaa pamoja. Ndiyo maana watu huita mchanganyiko huo mkorogo.

Sumu haiishii kwa aliyejipaka. Anapooga, zebaki huenda na maji. Maji ya milima ya Uluguru huingia katika mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa mpaka Dar es Salaam.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilipewa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Mwaka 2003 ilitungwa pia Sheria ya Ushindani, ambayo inamkataza mfanyabiashara kumdanganya mnunuzi.

Mataifa nayo yalipatana. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulikubaliwa mwaka 2013. Umepewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa zebaki iliyotoka kiwandani. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hata hivyo bidhaa hizo huuzwa kwa siri. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni wewe unayeweza kusoma. Kabla ya kununua fanya haya:

1. Soma maandishi yote ya kopo. Kama hayakutaja vilivyomo ndani, usinunue.

2. Tafuta neno "mercury", "mercurio" au "calomel". Yote ni majina ya zebaki au ya dawa yenye zebaki.

3. Kama kopo linaonya kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au vito, jihadhari. Huenda ina zebaki.

4. Jiulize: shida hii nilikuwa nayo kabla ya kuona tangazo?

5. Jiulize tena: fedha hii ingefanya nini nyumbani kwangu?

Kama umekwisha kutumia krimu hizo, usione haya. Nenda kituo cha afya na uchukue kopo lenyewe. Mwambie mganga ukweli.

KIZURI CHAJIUZA

Si kila tangazo ni baya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kujifunza, na watu wakachimba vyoo vijijini kote. Neno lililosikika mara nyingi lilileta afya. Basi tusiogope matangazo. Tuyapime.

Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Turudi kwa mama yetu wa Nyandira. Njegere zake hazikuwa na picha ukutani, lakini zilinunuliwa zote kwa sababu zilikuwa nzuri. Tena yeye ni Mluguru. Kwao ukoo hufuatwa kwa mama. Watoto wake wanajulikana kwa ukoo wake, na wengi hupata mashamba kwa upande huo. Hakuna aliyeuliza rangi yake kabla ya kumpa heshima hiyo. Tangazo lilimwambia kwamba hana thamani, naye akasahau kwamba anayo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kitu gani ulichonunua mwaka huu ili uonekane tu? Kimekusaidia?

2. Tunawaambia nini binti zetu juu ya rangi ya ngozi zao? Na wavulana je?

3. Kijiji chenu kifanye nini kama krimu zenye sumu zinauzwa dukani?